Ngome ya Mwili na Askari Wake

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyemwumba mwanadamu akamlinganisha viungo vyake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Mara nyingi katika mabaraza yetu, baada ya sala ya alasiri, tumewasikia watu wazima na vijana wakiulizana jambo moja. Husema: "Ikiwa Mwenyezi Mungu ameupa mwili nguvu ya kujikinga na maradhi, ya nini basi kumpeleka mtoto mchanga akachomwe sindano, hali hajaugua? Wazee wetu hawakuchanjwa, na wakaishi mpaka wakazeeka." Na akina mama nao huulizana hayo hayo penye shughuli za arusi na maulidi.

Swali hili si la upuuzi, wala hatumdharau anayeliuliza, kwani limesimama juu ya neno la kweli. Ni kweli mwili umepewa kinga, na kinga yenyewe ni ya ajabu. Lakini neno la kweli likifahamiwa nusu huweza kumpoteza mtu kuliko uwongo. Na anayelipa gharama ya kupotea huku ni mtoto, ambaye hakuulizwa shauri. Kwa hivyo mwezi huu tumeona yatupasa tueleze, kwa kadiri ya nafasi yetu, kinga hiyo ni kitu gani, hufanyaje kazi yake, na inahitaji nini kutoka kwetu.

UKUTA NA MALANGO

Miji mingi ya kale ya pwani yetu ilizungushiwa kuta. Aliyepata kuzuru magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ameona kuwa mji ule ulikuwa na ukuta wa nje, na ndani yake ukuta mwingine. Mwili wa mwanadamu nao umejengewa kinga yake tabaka juu ya tabaka, na adui akiupita ukuta mmoja hukuta mwingine mbele yake.

Ukuta wa kwanza ni ngozi. Sehemu yake ya juu ni chembe zilizokwisha kufa na kukauka, zilizopangwa moja juu ya moja mfano wa makuti ya paa. Kila siku nyingine hupukutika, zikaanguka pamoja na vijidudu vilivyokuwa vimezikalia. Tena mafuta na jasho la ngozi vina uchachu kidogo, na vijidudu vingi havipendi uchachu huo. Ndiyo sababu mtu mwenye ngozi nzima huweza kushika udongo mchana kutwa asidhurike, na mwenye tundu dogo la msumari akadhurika.

Lakini kila mji una malango, na malango ndiyo yanayohitaji ulinzi mkubwa. Macho huoshwa na machozi, nayo si maji matupu. Mwaka 1922 tabibu Alexander Fleming, alipokuwa London, aligundua kwamba katika machozi, mate na makamasi mna kitu kinachopasua bakteria. Na hii ilikuwa miaka sita kabla ya yeye huyo huyo kugundua penisilini mwaka 1928. Puani mna nywele za kuzuia vumbi, na ute wa kunasa kilichopita. Ndani zaidi, njia ya pumzi imeota vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hupiga kama makasia, usiku na mchana, vikiusukuma ute mchafu upande juu mpaka kooni, mtu akautema au akaumeza. Moshi wa tumbaku huvilegeza vinyweleo hivyo na kuviua. Basi baba avutaye sigara chumbani mwa mtoto ajue kuwa anawafukuza walinzi wa lango la mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Na kinachopita kinywani huteremka tumboni, na huko hukutana na tindikali kali inayoua vijidudu vingi vilivyoingia na chakula na maji. Matumboni, chini yake, wamo bakteria wengi sana wasio na madhara, waliokaa humo tangu utotoni, wakashika nafasi zote hata adui akija akakosa pa kukaa.

ASKARI WA DORIA

Je, ukuta ukipasuka huwaje? Mtoto akikanyaga mwiba, vijidudu huingia pamoja nao. Hapo ndipo wanapotoka askari wa doria.

Aliyewaona kwanza na kuwafahamu ni mtaalamu mmoja kutoka dola ya Urusi, jina lake Elie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua vitoto vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hupenya nuru kama kioo, akavichoma miiba midogo. Asubuhi yake akatazama kwa darubini, akaona chembe zinazotembea zimeuzunguka mwiba pande zote, kama siafu walivyozunguka funza. Akafahamu kwamba chembe zile zimekuja kupigana, na kwamba hummeza adui mzima mzima. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Askari hawa ndio chembe nyeupe za damu. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, na wengi wao maisha yao ni siku chache tu. Katika tone dogo la damu, lenye ukubwa wa milimita moja kila upande, mna askari kati ya 4,000 na 11,000. Wakipata habari ya jeraha, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuwafungulia njia. Ndiyo sababu mahali palipoumia hufanya joto, hugeuka rangi, huvimba na huuma. Usaha tunaouona ni maiti za askari hao pamoja na adui waliomwua. Na mtoki unaovimba penye kinena kwa sababu ya kidonda cha mguuni ni kituo cha askari kilichojaa watu waliokuja vitani.

Homa nayo ni silaha mojawapo. Mwili huzidisha joto lake kwa kusudi, kwani vijidudu vingi havistawi katika joto hilo, na askari hufanya kazi kwa haraka zaidi. Lakini asije mtu akatusingizia kwamba tumesema homa iachwe. Katika nchi zetu homa ya mtoto mdogo huweza kuwa malaria, na malaria haingoji. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo.

ASKARI WENYE ELIMU

Askari wa doria ni hodari, lakini hawana elimu. Humshambulia kila mgeni kwa namna moja, na adui mwerevu huwapita. Kwa ajili ya adui wa namna hii Mwenyezi Mungu ameumba jeshi la pili, nalo ni la chembe ziitwazo limfosaiti.

Kila moja katika chembe hizi imeumbwa na kufuli ya namna yake, na kufuli hiyo hukubali ufunguo mmoja tu. Mwilini mna kufuli za namna nyingi mno, mamilioni kwa mamilioni, na nyingine ni za maadui ambao mtu huyo hajakutana nao wala pengine hatakutana nao maishani. Adui akiingia, vipande vya mwili wake huchukuliwa mpaka kwenye mitoki, vikajaribiwa kufuli moja baada ya moja. Ile inayoafikiana navyo huamka, ikajigawa ikawa mbili, zikawa nne, zikawa nane, mpaka likawa jeshi kubwa lenye shabaha moja. Wengine katika jeshi hilo huwaua wale wa mwilini mwetu waliokwisha kutekwa na virusi. Wengine hutengeneza kingamwili, nazo ni vitu vidogo vinavyoelea katika damu vikamganda adui, vikamfunga mikono, na kumtia alama ili askari wa doria wamjue na kummeza.

Tena baada ya vita, wengi wa askari hao hufa, lakini baadhi yao hubaki. Hawa ndio wenye kumbukumbu. Hukaa mwilini miaka mingi, pengine umri wote, wakimngoja adui yule yule. Akirudi hawahitaji kufundishwa upya. Humpiga kabla mwenye mwili hajahisi kitu.

Waislamu wa kale waliyatazama mambo haya kwa macho makini, ingawa hawakuwa na darubini. Tabibu mkubwa Abu Bakr al-Razi, mzaliwa wa Rayy, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika kitabu maalumu cha kupambanua baina ya ndui na surua, nacho kilitafsiriwa na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. Humo alitaja kwamba ndui huwapata watoto na vijana, na kwamba ni nadra kuwapata wazee. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya elimu ya zama zake, na haikusimama. Lakini alichokiona kilikuwa kweli. Wazee wale waliopona walikuwa wamekwisha kutembelewa na adui huyo utotoni, na miili yao ilimkumbuka.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulipatikana mwaka 1846 katika visiwa vya Faroe, kaskazini ya Ulaya. Surua iliviingia visiwa hivyo, ikawaangusha zaidi ya watu 6,000 katika watu wapatao 7,800. Tabibu kijana Peter Panum alipotumwa kwenda kuchunguza, akakuta jambo la kustaajabisha: wazee sana, waliougua surua ilipofika huko mara ya mwisho mwaka 1781, hawakuugua hata mmoja. Miaka 65 ilikuwa imepita, na miili yao ilikuwa haijasahau.

MASHINDANO YA MBIO

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo muulizaji wetu amelikosa. Jeshi lenye elimu ni kali, lakini mara ya kwanza hukawia. Kuitafuta kufuli inayofaa, kuiamsha na kuizidisha mpaka iwe jeshi, ni kazi ya wiki moja hata mbili. Na adui naye halali. Virusi viwili huwa mia, mia zikawa mamilioni. Basi ugonjwa mkali ukimjia mtu mara ya kwanza huwa ni mashindano ya mbio. Mwili ukitangulia, mtu hupona, na huwa na kinga. Adui akitangulia, mtu hufa, na elimu ambayo mwili wake ulikuwa ukijifunza hufukiwa pamoja naye.

Tunasema wazee wetu hawakuchanjwa wakaishi. Kweli, waliishi wale tunaowaona. Waliokufa kwa surua, kifaduro, dondakoo na ndui hawakupata kuzeeka ili waje barazani watusimulie. Ingia makaburi yoyote ya zamani uhesabu makaburi madogo. Muulize bibi yako alizaa watoto wangapi, na wangapi aliwazika. Hapo ndipo ilipo hesabu iliyosahauliwa.

Na chanjo si kitu kingine ila kuufundisha mwili kabla ya vita. Mwili huonyeshwa adui aliyekwisha kuuawa, au aliyedhoofishwa asiweze kudhuru, au kipande chake tu, ili utafute kufuli na uweke kumbukumbu kwa raha zake. Sindano yenyewe haimpigi adui; anayempiga ni yule yule askari aliyeumbwa na Mwenyezi Mungu. Basi anayesema kuwa chanjo ni kutoiamini kinga ya Mungu ni kama anayesema kuwa kumpeleka mtoto chuoni ni kutoiamini akili aliyopewa na Mungu. Mtoto amepewa akili, hapana shaka. Lakini nani amewahi kuikalia akili hiyo kimya, akangoja mtoto asome juzuu mwenyewe?

Na jambo hili halikuanzia kwa Wazungu. Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika dola ya Uthmaniya, aliwaona wanawake wazee wa nchi ile wakichukua usaha wa mgonjwa wa ndui na kuutia katika mkwaruzo wa ngozi ya mtoto mzima, ili augue kidogo apate kinga. Mwaka uliofuata alimfanyia hivyo mwanawe wa kiume huko huko Istanbul, na mwaka 1721 akamfanyia binti yake London. Njia ile ilikuwa na hatari, kwani ndui iliyotiwa ilikuwa ndui ya kweli, na wachache walikufa nayo. Tarehe 14 Mei 1796 tabibu Edward Jenner wa Uingereza akapata njia iliyo salama zaidi: alimtia mtoto wa miaka minane, James Phipps, usaha wa ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, na alipomjaribu baadaye kwa ndui ya watu, haikumshika.

MPISHI WA MERCA

Ndui inakadiriwa kuwa iliua watu 300,000,000 katika karne ya ishirini peke yake. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani liliongeza juhudi za kuing'oa kwa chanjo, na miaka kumi baadaye ilikuwa imebaki katika pembe moja tu ya Afrika, nchi ya Somalia.

Katika mji wa Merca, pwani ya Banadir, kati ya Mogadishu na Barawa, alikuwako kijana wa miaka 23, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Aliwahi hata kufanya kazi pamoja na wachanjaji, lakini yeye mwenyewe hakuwa na kinga. Alikuja kusimulia baadaye kwamba aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu yake. Mwezi wa Oktoba 1977 ikaja gari yenye watoto wawili wenye ndui, na dereva akaulizia njia ya mahali wanapotengwa wagonjwa. Ali, kwa wema wake, akapanda garini kumwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Mmoja katika wale watoto, msichana wa miaka sita, alifariki. Na siku chache baadaye Ali akashikwa na homa, kisha vipele vikatoka.

Wachanjaji wakaenda mbio. Waliwatafuta watu 161 waliokutana naye, na wakachanja zaidi ya watu 50,000 katika mji na vijiji vyake. Hakuambukizwa hata mmoja. Ali alipona, akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 ilitangazwa mbele ya mataifa yote kwamba ndui imekwisha, na mpaka leo haijarudi.

Lakini sisi tunaona fundisho kubwa katika yale aliyoyafanya baadaye. Ali hakukaa akaona haya. Alijitolea katika kazi ya kupiga vita polio nchini mwake, akienda nyumba kwa nyumba. Na kila alipomkuta mzazi anayesita, alimsimulia habari yake mwenyewe, jinsi alivyoiogopa sindano na yaliyompata. Alifariki kwa malaria mwezi wa Julai 2013, angali katika kazi hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu aliyekosea, akakiri, kisha akalifanya kosa lake kuwa nasaha kwa wengine, amewaachia watu mali kubwa.

SHAKA NA MAJIBU YAKE

Wako wasemao: "Maradhi ni kadari, lililoandikwa halikwepeki." Tunawajibu kwa habari ya Sayyidna Umar (R.A.). Mwaka 18 wa Hijra (639) alikuwa njiani kwenda Sham, akaambiwa kuwa tauni imeingia nchi hiyo. Akashauriana na masahaba, kisha akaazimia kurudi. Sayyidna Abu Ubaida (R.A.) alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimfahamisha kwamba wanatoka katika kadari kwenda katika kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye pande mbili, upande wenye majani na upande mkavu, kuwa popote atakapowalisha ni kwa kadari. Kisha Abdul-Rahman bin Auf (R.A.) akawajulisha mafundisho aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), ya kutoingia penye tauni na kutoikimbia nchi iliyoingiliwa nayo. Basi kinga ni kadari kama ugonjwa ulivyo kadari, na kuchagua upande wenye majani si upungufu wa imani.

Wako wengine wasemao: "Afadhali mtoto augue surua yenyewe, apate kinga ya kweli." Hawa wangalisema sawa, lau surua ingalikuwa mwalimu mwema. Lakini surua ina hila isiyojulikana na wengi: huwaua wale wale askari wenye kumbukumbu. Wataalamu walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, kabla ya surua na baada yake, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba surua iliwapotezea watoto hao kati ya sehemu 11 na sehemu 73 katika kila 100 za kingamwili zao za maradhi mengine. Mtoto hupona surua, na mwili wake umesahau aliyokuwa ameyajifunza. Ndipo baada ya miezi akashikwa na vichomi na kuharisha, na jamaa wasijue kisa chake. Na tuongeze kuwa watoto hao walitoka katika jamii ya Wakristo ambao wengi wao huikataa chanjo kwa sababu ya dini yao. Basi shaka hii si ya Waislamu peke yao, na surua haimwulizi mtu madhehebu yake.

Pepopunda nayo ni hoja nyingine. Sumu yake ni kali hata kiasi kidogo chake huweza kuua kabla hakijatosha kuufundisha mwili. Kwa hiyo hata aliyeugua akapona hana kinga, ni lazima achanjwe. Na mama mjamzito akichanjwa pepopunda, kingamwili zake humpitia mtoto tumboni, akazaliwa akiwa na ulinzi wa kitovu chake.

Wako pia wanaoogopa madhara. Ni haki yao kuuliza. Baada ya chanjo mtoto huweza kupata homa kidogo, au mkono kuvimba, nayo ni alama ya jeshi linalofanya mazoezi. Madhara makubwa hutokea kwa nadra sana, na ndiyo maana mzazi huambiwa angoje kidogo hapo kituoni baada ya sindano. Mwenye shaka juu ya kilichomo aulize wanazuoni na matabibu, asiulize uvumi.

Na tena tunastaajabu kidogo. Baada ya homa ya uti wa mgongo kuenea katika Haji ya mwaka 1987, serikali ya Saudia ilishurutisha kila haji awe amechanjwa ugonjwa huo. Watu wetu hukunja mikono ya kanzu wakachanjwa kwa furaha, kwa kuwa wana shauku ya kuiona Al-Kaaba. Je, mkono wa baba ukubali sindano, na wa mwanawe ukatazwe?

HAKI YA JIRANI

Surua huambukiza kuliko takriban maradhi yote. Mgonjwa mmoja, akiwa miongoni mwa watu wasio na kinga, huweza kuambukiza watu 12 hata 18. Kwa hivyo ili isipate njia katika mji inatakiwa watu yapata 95 katika kila 100 wawe na kinga. Wako wasioweza kuchanjwa: mtoto ambaye hajafikia umri, na mgonjwa ambaye jeshi lake limevunjwa na saratani ya damu au kwa dawa zake kali. Hawa hawana ukuta ila majirani zao.

Sisi hapa hatutoi fatwa, kwani fatwa ina wenyewe. Lakini jambo hili latukumbusha zile faradhi za kutosheleza, kama kumsalia maiti, ambazo wakizisimamia wa kutosha huwa wamewavulia wenzao mzigo, na wakiziacha wote lawama huwa ya wote. Mzazi anayemchanja mwanawe hamlindi wake tu. Anamlinda mtoto mchanga wa nyumba ya pili, asiyemjua hata jina.

YATUPASAYO NYUMBANI

Kwanza, mtoto apewe maziwa ya mama mara azaliwapo, hata yale ya manjano ya siku za mwanzo ambayo wengine huyakamua na kuyamwaga. Hayo ndiyo yenye kingamwili nyingi kupita yote, na kuyamwaga ni kumnyang'anya mtoto ngao yake ya kwanza. Dini yetu imewausia akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na elimu ya utabibu imekuja kuusifu wasia huo. Asali ina heshima yake, lakini asipewe mtoto asiyetimiza mwaka, kwani huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo lake changa haliwezi kukizuia.

Pili, kadi ya kliniki itunzwe kama inavyotunzwa hati ya nyumba, na tarehe zake zifuatwe. Katika Tanzania na Kenya chanjo ya surua hutolewa mara mbili, mtoto anapofika miezi 9 na miezi 18. Wengi huipata ya kwanza wakaisahau ya pili; na ya pili ndiyo inayomkamilishia kinga yule ambaye ya kwanza haikumshika.

Tatu, askari hawapigani na njaa. Mtoto asiyepata chakula cha kutosha, samaki, kunde, mboga na matunda, jeshi lake huwa dhaifu hata kama amechanjwa.

Nne, malango yalindwe kwa usafi. Hatutawadhi kwa ajili ya vijidudu bali kwa ajili ya Mola wetu; lakini mwenye kuosha mikono, kinywa na pua mara tano kwa siku amepata heri juu ya heri. Aongeze sabuni atokapo msalani na kabla ya kula.

Tano, dawa za kuua bakteria zisimezwe ovyo kwa kila mafua. Mafua ni ya virusi, na dawa hizo haziviui. Hutuulia wale wakazi wema wa matumboni, na huwazoeza maadui hata siku ya haja dawa ikakosa nguvu.

Ndugu wasomaji, mwili ni amana, na mwili wa mtoto ni amana zaidi, kwa kuwa yeye hawezi kujisemea. Ametupa Mwenyezi Mungu askari wasiolala, tena akatupa akili ya kuwafundisha. Kuwa na askari kisha ukawaacha bila mafunzo mpaka adui yuko mlangoni, huko si kutawakali. Basi na tukiwa na mtoto nyumbani ambaye kadi yake imepitwa na tarehe, tusingoje mwezi ujao. Apelekwe wiki hii.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na watoto wa jirani zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu wale waliotangulia wadogo, na awafanye kuwa akiba kwa wazazi wao siku ya kiyama. Amin.